Viza ya kwenda kujifunza ufundi ng'ambo: kazi inaanzia Kolwezi, haianzii kwenye ambasadi

Kila mwaka, matokeo ya Examen d'État yakishatangazwa, swali lile lile linarudi katika kartie za Dilala na Manika, zile komini mbili za mji wa Kolwezi: kijana afanye namna gani ili apate viza ya kwenda kujifunza ufundi nje ya inchi? Wanaouliza si wale tu waliomaliza chuo kikuu. Ni fundi wa umeme, fundi wa kulehemu (hapa wengi wanasema kusude), dereva anayetaka kuendesha mitambo mikubwa, na hata krezeri aliyechoka kushuka shimoni.

Sababu inaeleweka. Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 wakati Katanga ilipogawanywa, linaishi kwa shaba na kobalti. KCC, Mutanda, Sicomines, TFM kule Fungurume, Kamoa-Kakula iliyoanza kutoa shaba mwezi wa tano 2021: kampani hizi zote zinataka fundi mwenye karatasi, na karatasi iliyotoka ng'ambo ina uzito machoni pa wazazi. Ndiyo maana familia nyingine inafika kuuza parseli ili mtoto aende. Pesa hiyo mara nyingi inaishia mikononi mwa komisyonere, mtu wa katikati anayesema: "Weye leta tu pesa, viza iko mambo yangu."

Lakini viza si bidhaa ya kuuzwa. Ni jibu la afisa kwa maswali machache: nani amekuita, unaenda kujifunza nini na kwa muda gani, nani atalipa, na karatasi zako ni za kweli? Maswali haya yote yanajibiwa kabla mtu hajapanda ndege ya Kinshasa. Anayefika ambasadi bila majibu analipia safari ya bure.

Barua ya shule ndiyo mlango

Hakuna viza ya masomo bila barua ya shule iliyomkubali mwombaji. Kwa mafunzo yanayofanyika ndani ya kampani, kunahitajika mkataba na kampani hiyo. Barua inapaswa kutaja jina la mwanafunzi kama lilivyo kwenye pasipoti, fani, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, bei, na lugha ya kufundishia.

Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba barua hiyo ni ya kweli. Namna iliyo rahisi ni kuandikia shule moja kwa moja, kwa anwani ambayo mwombaji ameitafuta mwenyewe, si ile iliyochapwa chini ya barua aliyoletewa. Inchi nyingi zina orodha ya shule zenye ruhusa ya kupokea wageni. Canada, kwa mfano, inaweka orodha yake wazi, na kila shule ina namba yake. Kama shule haiko ndani, barua yake haifungui kitu, hata ikiwa na mihuri kumi.

Komisyonere anayekataa kutaja jina la shule mpaka alipwe hana shule.

Viza gani?

Hapa ndipo vijana wengi wanapotea, kwa sababu neno "viza" wanalisikia kama kitu kimoja. Ziko nyingi, na kila moja ina kazi yake.

Tuchukue Ulaya. Viza ya Schengen ya muda mfupi inampa mtu siku 90 tu ndani ya siku 180. Inafaa kwa semina au kozi ya wiki chache. Mafunzo ya mwaka mmoja au mitatu yanahitaji viza ya muda mrefu, na hiyo inatolewa na kila inchi kwa sheria zake. Kuna watu wanaouziwa ya siku 90 na kuambiwa: "Ukifika kule utageuza." Kwa kawaida haigeuzwi. Siku ya 91 mwanafunzi anakuwa mtu asiye na karatasi, na shule haiwezi kumwandikisha.

Ujerumani ina njia inayopendwa na wenye mikono ya kazi: mafunzo yanayoitwa Ausbildung, ambamo mwanafunzi anagawa wiki yake kati ya kampani na shule. Yanachukua miaka miwili hadi mitatu na nusu, na kampani inamlipa. Mwaka 2025, malipo ya chini kabisa kisheria kwa aliyeanza mwaka wa kwanza yalikuwa euro 682 kwa mwezi. Viza yenyewe ni euro 75. Ugumu uko kwenye mambo mawili: kupata mkataba kabla ya kusafiri, na kujua Kijerumani, mara nyingi mpaka kiwango cha B1. Mtu anayeanza na "Guten Tag" afikirie mwaka mzima wa kujifunza lugha, kama si zaidi. Anayeahidi Ausbildung bila lugha anauza hewa.

Ufaransa inawapitisha wanafunzi wa Kongo kwanza kwenye Campus France, kisha kwenye ombi la viza. Inataka pia waonyeshe kwamba wana angalau euro 615 kwa kila mwezi watakaoishi huko.

China ni habari nyingine, na kwa watu wa Kolwezi pengine ndiyo iliyo karibu zaidi, kwa sababu migodi mingi hapa iko mikononi mwa Wachina na kila kartie ina mtu aliyewahi kufanya kazi nao. Viza ya masomo kule ina aina mbili: X1 kwa anayekaa zaidi ya siku 180, na X2 kwa anayekaa siku 180 au chini. Pamoja na barua ya shule, mwanafunzi wa muda mrefu anapaswa kuwa na fomu inayoitwa JW201 akiwa amepewa bursi ya serikali ya China, au JW202 akijilipia. Fomu hii inatoka China kupitia shule. Haichapwi kwenye sekretaria ya mjini. Kuna pia fomu ya uchunguzi wa afya. Akiisha kufika, mwenye X1 ana siku 30 za kwenda polisi kuomba kibali cha kukaa, na anayesahau analipa faini.

Tatizo linakuja pale mtu anapotumwa "formation" kwa viza ya M, ambayo ni ya biashara. Kampani ikimpeleka mfanyakazi wake kuangalia mashini kwa wiki mbili, hilo ni jambo moja. Kuingia darasani miezi minane kwa viza ya biashara ni jambo lingine, na anayeshikwa ni mwanafunzi, si aliyemtuma. Wafanyakazi wa serikali na mafundi wa idara za umma wana njia nyingine: semina fupi za wizara ya biashara ya China, ambazo maombi yake hupitia ubalozi na ambazo China inazilipia.

India pia haizungumzwi sana, ingawa ina mpango wa zamani unaoitwa ITEC, ulioanzishwa tarehe 15 Septemba 1964. Unalipia ndege, masomo, nyumba na posho ndogo ya kuishi, na unachukua hasa watu wa miaka 25 hadi 45 ambao tayari wana kazi. Kozi nyingi ni za wiki au miezi michache. Fomu inajazwa kwenye intaneti, inasainiwa na mwajiri na wizara inayohusika, kisha inafika ubalozi wa India. Hauna komisyonere ndani, na labda ndiyo sababu hausikiki mitaani.

Kwa Canada, tangu mwezi wa kwanza 2024 waombaji wengi wa kibali cha masomo wanahitaji pia barua ya jimbo wanakokwenda. Anayekwenda Quebec, ambako mafunzo ya ufundi ni ya Kifaransa, anahitaji cheti cha Quebec kinachoitwa CAQ. Ada ya ombi ni dola 150 za Canada na 85 za alama za vidole. Pesa ya kuishi inayopaswa kuonyeshwa nje ya Quebec, kwa mtu mmoja, ilipanda mpaka dola 22.895 za Canada kuanzia Septemba 2025, bila kuhesabu minervali na ndege. Quebec ina kiasi chake.

Na Marekani? Viza ya ufundi kule inaitwa M-1. Mwezi wa sita 2025, serikali ya Marekani ilipotangaza orodha ya inchi ambazo raia wake wanafungiwa mlango, Kongo iliyotajwa ilikuwa ya Brazzaville. Kwenye simu za Kolwezi wengi walisoma "Congo" wakaishia hapo.

Karatasi za nyumbani

Viza nyingi zinaharibikia kwenye cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia, baada ya kurekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye ofisi ya état civil. Wengi wa wanaoomba viza leo hawakuandikishwa ndani ya muda. Hao wanapaswa kupita tribinali ili wapate hukumu inayochukua nafasi ya tangazo la wazazi, ile watu wanayoiita jugement supplétif. Hukumu peke yake haitoshi. Inafuatwa na karatasi inayoonyesha kwamba imejulishwa kwa wanaohusika, nyingine inayoonyesha kwamba hakuna aliyekata rufaa, na mwisho cheti chenyewe kutoka komini. Ambasadi zinajua mfuatano huu vizuri. Cheti chenye tarehe ya kabla ya hukumu yake kinatupwa mara moja, na hilo hutokea wakati mtu amenunua vyote viwili siku moja kwa mtu mmoja.

Halafu kuna majina. Mkongomani ana jina, jina la pili, na prénom, mpango uliotokea wakati wa siasa ya authenticité ya Mobutu mwaka 1972. Kwenye diploma jina la pili linaweza kuwa limesahauliwa. Kwenye karte ya kura, ambayo kwa wengi ndiyo kitambulisho, herufi moja inaweza kuwa imebadilika: Kasongo amekuwa Kasongu. Kwa jirani ni mtu yule yule. Kwa mashini ya ambasadi ni watu wawili. Kusahihisha kunaanzia kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha pasipoti, na kunafanywa kabla ya kuomba viza.

Diploma nayo inachelewa. Wengi wana attestation tu, wanangoja diploma yenyewe kwa miaka. Afadhali kuiuliza shule ya ng'ambo mapema kama itakubali attestation, na kuomba jibu kwa maandishi. Shule ikidai karatasi iliyohalalishwa, inapita wizara ya elimu na wizara ya mambo ya inje, zote Kinshasa.

Pasipoti inadumu miaka mitano. Kati ya 2015 na 2020 iliuzwa dola 185, na mwaka 2017 uchunguzi wa Reuters ulionyesha kwamba kwa kila moja dola 60 zilikwenda kwa kampani moja ya Falme za Kiarabu. Mwaka 2020 bei ilishushwa mpaka dola 99. Bei inayofaa kulipwa ni ile iliyotangazwa na wizara, na inalipwa benki. Mengine yanayoombwa mara kwa mara ni extrait de casier judiciaire, inayoonyesha kwamba mtu hajahukumiwa, na karte ya manjano ya chanjo. Chanjo ya homa ya manjano, tangu Julai 2016, ni ya maisha yote: anayedaiwa kuirudia kwa sababu "imepitisha miaka kumi" anadanganywa.

Safari ya Kinshasa

Ambasadi karibu zote ziko Kinshasa. Ubelgiji na Zambia zina konsula Lubumbashi, kilometa kama 300 kutoka Kolwezi, lakini lazima kuuliza kwanza kama zinapokea aina ya viza inayotafutwa. Alama za vidole zinatolewa na mwombaji mwenyewe. Kwa Schengen zinahifadhiwa miezi 59. Hakuna komisyonere anayeweza kuzitoa kwa niaba ya mtu, na anayesema anaweza ameshajieleza.

Ada ya viza ya Schengen ya muda mfupi ilipanda toka euro 80 hadi 90 tarehe 11 Juni 2024. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na jibu linatoka kwa kawaida ndani ya siku 15, ingawa linaweza kufika 45. Viza za muda mrefu zinachukua wiki au miezi. Mlango wenyewe unaweza kufungwa kwa sababu zisizomhusu mwanafunzi: mwanzoni mwa 2018 Kinshasa ilifunga Maison Schengen juu ya ugomvi na Ubelgiji, na China ilifunga mipaka yake mwezi wa tatu 2020, wanafunzi wakabaki nje mpaka 2022.

Juu ya pesa ya kuonyesha, afisa anaangalia historia ya konti kuliko jumla yake. Konti iliyokuwa na dola 40 kwa mwaka mzima, halafu ikapokea 8.000 juzi, inazaa swali. Mjomba anayelipa aeleze kwa maandishi kazi yake, undugu wake na mwanafunzi, na pesa imetoka wapi. Kwa anayefanya biashara ya madini kule Musompo bila daftari wala konti, hiki ndicho kipande kigumu kuliko vyote, na kinahitaji miezi ya kujipanga.

Viza inapokuja kwa urahisi kupita kiasi

Watu wanafikiri hatari ni kukataliwa. Wakati mwingine hatari ni kukubaliwa.

Katika eneo la viwanda la Alabuga, kilometa kama 1.000 mashariki ya Moscow, kuna mpango unaoitwa Alabuga Start. Ulitafuta wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Kenya, Rwanda, Sudan Kusini, Nigeria na kwingine, ukiwaahidi tiketi ya bure, mshahara, na kujifunza kazi kama za hoteli na za upishi. Mtihani wa kuingia ulikuwa mwepesi: mchezo wa kompyuta na maneno mia moja ya Kirusi. Mwezi wa kumi 2024, shirika la habari la AP lilieleza kwamba Waafrika wapatao 200 walikuwa kwenye kiwanda cha drone za vita. Waliozungumza nalo walitaja saa ndefu za kazi, kulindwa kila wakati, na kemikali zilizowaharibu ngozi. Tarehe 2 Aprili 2024 drone ya Ukraine ilipiga eneo hilo na watu waliumia. Mwezi wa nane 2025 serikali ya Afrika Kusini nayo iliwaonya vijana wake. Wasichana hao waliingia Urusi kwa mlango wa wazi, wakiwa na karatasi halali. Kilichokuwa cha uongo ni kazi waliyoitiwa.

Kipro ya kaskazini ni somo la aina nyingine. Shule zake zinawavuta Wakongomani wengi kwa bei ndogo na barua za haraka. Eneo hilo linatambuliwa na Uturuki peke yake, kwa hiyo Kongo haina ubalozi huko wa kumsaidia mtoto anayenyang'anywa pasipoti au kuishiwa minervali. Na anayedhani ameingia Ulaya anajikuta nyuma ya mstari asioruhusiwa kuvuka.

Dalili zinafanana. Hawaulizi diploma. Hawaulizi lugha. Wanaficha anwani ya mahali pa kulala. Wanasema mkataba utasainiwa ukifika. Wanataka kushika pasipoti.

Jibu likiwa hapana

Ada hairudishwi. Kwa Schengen, sababu inaandikwa kwenye fomu, na mwombaji ana haki ya kukata rufaa ndani ya muda uliotajwa humo. Sababu ikiwa ni karatasi iliyokosekana, kuomba tena na karatasi hiyo kunaweza kuzaa matunda. Kupeleka faili lile lile mara tatu ni kutupa pesa. Na karatasi ya uongo inaacha doa: Canada inamfungia miaka mitano aliyeshikwa amedanganya, hata kama aliyeitengeneza karatasi ni komisyonere. Jina kwenye ombi ni la mwanafunzi.

Wasomaji walioondoka Goma au Bukavu wakumbuke jambo moja zaidi. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, wengi wanajaribu kuombea viza Kigali, Kampala au Bujumbura. Kwa kawaida ambasadi inapokea ombi la mtu anayekaa kihalali katika inchi ile, mwenye kibali, si mpitaji. Kuuliza kwa barua kabla ya kulipa kunaokoa mengi.

Kwa anayengoja jibu, INPP, taasisi ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa 29 Juni 1964 na inayolipwa kwa michango ya waajiri, inafundisha hapa hapa, na cheti chake kinaingia kwenye faili kama ushahidi kwamba mwombaji ana fani kweli. Kodi ya Migodi iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inazilazimisha kampani kutoa 0,3% ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zilizo karibu na mgodi. Wakaaji wana haki ya kuuliza kwenye mikutano hiyo ni vijana wangapi wamelipiwa mafunzo, hapa au ng'ambo.

Anayetaka kuanza darasa mwezi wa tisa anapaswa kuwa na cheti cha kuzaliwa na pasipoti vyenye majina yanayolingana ifikapo mwezi wa kumi wa mwaka uliotangulia, na barua ya shule ifikapo mwezi wa nne.